Usitaje Muziro Wako Kwanza

Binti wa ofisini alikuja Kiruruma Jumanne kwa bodaboda, akanikuta natoa majani makavu kwenye migomba. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, akatoa fomu kwenye mkoba. Alisema walinzi wapya wa lango la kambi ya wakimbizi wako mafunzoni, na ofisi inataka sisi tuliostaafu tuwaandikie uzoefu wetu, ukurasa mmoja tu. Fomu ina visanduku vitatu. Cha kwanza kinasema Mafanikio. Cha pili Changamoto. Cha tatu kinataka jina la mtu mmoja niliyemsaidia akabaki salama, mahali alipo sasa, na picha yake kama ipo.

Hicho cha tatu nilikisoma mara mbili. Mimi nimeishia darasa la nne, kila kitu huwa nakisoma mara mbili, ila hiki niliporudia nilikuwa nimeshakasirika.

"Hii picha mtaiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kalenda ya mwakani, mzee. Na kwenye ubao wa matangazo."

"Ubao upi?"

"Ule wa langoni."

Mke wangu, Mama Jasto, alikuwa anamenya ndizi hapo pembeni. Akaweka kisu chini. "Binti," akasema, "njoo ule kwanza. Huyu mzee akianza kukujibu utaondoka na njaa."

Alikula, akaondoka, akaahidi kurudi baada ya wiki. Fomu yake nimeifanya alama ya ukurasa kwenye daftari hili ninaloandika. Ukurasa mmoja hautoshi. Nyie vijana mnaosimama langoni sasa, someni hata kama mwandiko ni mbaya. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu sikupandishwa. Niliingia mlinzi wa lango, nikatoka mlinzi wa lango, nikapewa saa ya ukutani ambayo haikutembea hata siku ile ya sherehe.

Kambi yenyewe ilikuwa Kyerwa, ukiacha njia ya kwenda Bugomora, ukashuka upande wa mto. Ng'ambo ya mto ndiko watu walikokimbia. Nchi sitaitaja. Mnaijua, na wenyewe wanajijua. Mle ndani walikuwemo waliokimbia kwa sababu wangeuawa. Walikuwemo pia waliofanya mabaya wakakimbia wakiwa wamejificha kati ya hao wa kwanza. Na walikuwemo waliotumwa kuwafuata. Wote turubai moja, kikombe kimoja, foleni moja. Kwa uso huwezi kuwatenganisha, na anayekuambia anaweza, mwogope.

Wakubwa walikuwa na shida yao nyingine. Viongozi wa huku na wa kule walikuwa wanazungumza habari ya kuwarudisha watu makwao, kwa hiyo kila taarifa ilitakiwa isomeke kwamba kambi ni shwari. Neno hatari lilikuwa kama tusi. Ukiliandika kwenye daftari la lindo, unaitwa ofisini unaulizwa nani amekutuma.

Siku ya kwanza nilifika nikitafuta lango sikuliona. Lango lilikuwa kamba. Kamba ya katani iliyofungwa huku kwenye mkaratusi na huku kwenye gogo, na kwenye gogo amekaa mzee mmoja mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Huyo ndiye Mzee Byarugaba, aliyenifundisha kazi. Alinipa rungu, filimbi, na daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi.

"Rungu ni la mbwa," akasema. "Filimbi ni ya kuita watu. Daftari ni la wakubwa, waweze kulala. Wewe kazi yako ni mdomo."

"Wa kufokea watu?"

"Wa kuuliza. Wewe umetoka kwenye ng'ombe nini?"

Nilikuwa nimetoka kwenye ng'ombe kweli, nilikuwa nachunga za padri mmoja, lakini sikupenda alivyojua mapema hivyo.

Koti la mvua alilonirithisha nililivaa miaka yote ile. Lilikuwa la kijani, kwapa zimechanika, na mvua ya Kyerwa inajua kutafuta kwapa. Kila mwaka niliomba jingine. Kila mwaka nikaletewa fulana yenye maneno kifuani. Basi, tuendelee.

Wengi wenu ni watu wa hapa, lakini wapo wa mbali, kwa hiyo nieleze muziro. Kwetu kila ukoo una kitu unachokiheshimu. Hamli, hamvai, hamkalii. Hicho ndicho muziro. Sisi kwetu ni pongo, yule mnyama mwekundu wa vichakani mwenye madoa meupe. Koo hizi hazikuulizwa mto upite wapi. Kuna pongo huku na pongo kule. Kwa hiyo mtu wa ng'ambo usiyemjua jina anaweza kukaa kwako, mkatajiana muziro, mkakuta ni mmoja, basi huyo ni ndugu yako. Unamkaribisha, unampa kahawa ya kutafuna, na akishatafuna kahawa humhoji tena. Kumhoji ndugu aliyetafuna kahawa yako ni kumtukana.

Mzee Byarugaba aliigeuza mila hiyo kuwa ufunguo wa lango. Akija mgeni anasema mimi ni shemeji wa mama fulani wa kitalu cha pili, mzee hamwombi karatasi, kwa sababu karatasi hununuliwa. Anamuuliza, "Nyumba ya huyo shemeji yako, muziro wao ni nini?" Shemeji wa kweli hujibu kabla hajafikiri. Mwongo huangalia juu kama anasubiri mvua. Kisha mzee anamtuma mlinzi wa pili ndani akamuulize yule mama mwenyewe. Majibu yakifanana, kamba inashuka. Yasipofanana, mgeni anaambiwa shemeji yake ana homa, arudi wiki ijayo. Hawakurudi.

"Ila sheria ni moja," aliniambia. "Usitaje wako kwanza."

Hapo ndipo pagumu, na Mnyambo yeyote, mtu wa huku kwetu, atanielewa. Mtu aliyelelewa vizuri hujitaja yeye kwanza. Ndiyo heshima. Mgeni amesimama jua kali, wewe mwenyeji unamuuliza ukoo wake kama polisi, wako umeuficha? Mama yangu angenichapa. Nikamwambia mzee, "Lakini ndivyo tulivyolelewa."

"Nyumbani ulelewe vizuri," akasema. "Langoni usilelewe."

Tulifanya kazi pamoja mpaka miguu yake ikavimba, akarudishwa kwake, na hakukaa sana. Nilimzika. Sikuwa nimemwambia asante, kwa sababu ukimwambia asante alikuwa anauliza unataka nini.

Baada ya hapo akaja afisa mpya, kijana wa mjini, mwenye haraka. Jina lake siliandiki. Simchukii, ingawa mkisoma hadi mwisho mtadhani namchukia. Alikuta malalamiko kwamba kuna watu wanachukua mgao mara mbili na wengine hawapati. Ni kweli, wizi ulikuwepo. Dawa yake ilikuwa uwazi. Akatengenezesha ubao mkubwa, akausimamisha langoni, nje ya kamba, mahali ambapo hata mchuuzi wa nyanya anayepita barabarani anaweza kusimama akausoma. Juu yake zikabandikwa orodha za kambi nzima. Jina la mtu, kilima alichotoka, kitalu, namba ya nyumba, idadi ya watoto.

Zamani orodha hiyo ilikuwa inakaa kwenye sanduku lenye kufuli. Sasa jua linaipiga.

Kesho yake akaja mama mmoja wa kitalu cha nne. Nitamwita Konsolata. Alikuwa anapenda utani, hata siku mbaya.

"Shikamoo baba. Umeona nimekuwa mtu mashuhuri? Nimeandikwa ukutani kama mbunge."

"Marahaba. Nimeona."

"Nitoe, baba."

Kule kwao alikuwa karani wa ofisi ya kata. Asubuhi moja watu walichukuliwa, na yeye ndiye aliyekaa kwenye meza akaandika nani amechukuliwa na nani amekuja kuwachukua. Waliochukuliwa hawakuonekana tena. Karatasi ilipotea, lakini alikuwa na kichwa kizuri, majina yote alikuwa nayo humo. Na waliokuja siku ile, wengine sasa wana magari makubwa. "Wao wanajua kwamba niliandika," akaniambia. "Walichokuwa hawajui ni nyumba namba kumi na moja."

Nikaenda ofisini, kofia mkononi.

"Mzee," afisa akasema, "tukimtoa mmoja kila mtu atataka kutolewa. Huu ni utaratibu. Watu wana haki ya kujua."

"Watu gani?"

"Wakimbizi."

"Ubao uko barabarani, bwana. Wakimbizi wako ndani."

"Sasa unataka kunifundisha kazi?"

"Nataka uugeuze tu utazame ndani. Nitauchimbua mwenyewe."

Akacheka, akasema atalipeleka wazo hilo kwenye kikao. Sijui kikao hicho kilikaa lini. Labda bado kinakaa. Ningeuchimbua siku hiyo hiyo bila ruhusa, nyie, na leo nisingekuwa na kitu cha kuandika. Sikuuchimbua. Niliogopa kazi yangu, ndiyo ukweli wenyewe.

Haukupita mwezi. Siku hiyo tulikuwa na wageni wakubwa kutoka pande zote mbili za mto, wamekuja kujionea kwamba kambi ni shwari na watu wanataka kurudi. Walinzi wenzangu wote walipelekwa kupanga viti na kufukuza mbuzi. Nikabaki langoni peke yangu, asubuhi ya jua.

Akaja mwanamume wa makamo anasukuma baiskeli, mkungu wa ndizi nyuma umefungwa kwa majani. Kofia akaivua mbali kabisa. Akainama, akaniamkia kwa lugha yetu, ile ya ng'ambo kidogo lakini tamu, akaniita waitu, neno la heshima, kama mtu wa Bukoba. Akasema anamletea ndizi shemeji yake Konsolata, wa kilima fulani, kitalu cha nne, nyumba kumi na moja, mwenye watoto wawili. Kila kitu sawasawa. Nikafurahi. Siku hiyo wakubwa wote walikuwa wamepita mbele yangu bila salamu, na huyu wa baiskeli ananiinamia.

Nikasema, "Karibu ndugu. Sisi hapa ni pongo. Ninyi je?"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

"Pongo," akajibu papo hapo, uso umefunguka. "Pongo kabisa, waitu."

Nikatoa kahawa mfukoni, akatafuna, nikatafuna. Kumtuma mtu ndani akaulize? Mtu mwenyewe hayupo, na hata angekuwepo, ningemhoji vipi ndugu aliyetafuna kahawa yangu? Kamba ikashuka. Daftarini hata sikumwandika.

Akapita, akapanda baiskeli. Ni pale alipoinua mguu ndipo nikaona kiti. Kiti cha baiskeli kilikuwa kimevikwa ngozi, nyekundu, ina madoa meupe matatu kwa nyuma. Alikuwa ameikalia ngozi ya pongo.

Nyie mnaweza kusema ngozi ni ngozi. Sisi hatuwezi. Mtoto wetu wa miaka mitano ukimkalisha pale atalia. Nikaelewa yote kwa mara moja. Jina, kilima, kitalu, nyumba na watoto alivisoma ubaoni. Muziro nilimpa mimi. Ofisi na mimi tulikuwa tumeshirikiana vizuri siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Kuacha lindo ni kosa la kufukuzwa. Niliacha. Nilikimbia na filimbi mdomoni, nimepita nyuma ya viti vya wageni, nasikia mtu anasema nini hicho, nini hicho. Kitalu cha nne nilikuta baiskeli imelazwa nje ya kumi na moja, na mwanamume amesimama mlangoni na jirani, mama mnene aliyekuwa anauza sambusa, tunamwita Mama Sambusa basi.

"Ameenda kuteka maji," Mama Sambusa anamwambia. "Mfuate tu, njia hii."

"Asimfuate!" nikapiga kelele, na filimbi ikaanguka.

Mama Sambusa aliniangalia mimi, akamwangalia mgeni, akauliza swali moja tu. "Shemeji, mtoto wake mkubwa anaitwaje?"

Majina ya watoto hayakuwa ubaoni. Idadi tu. Mwanamume akaangalia juu.

Mama Sambusa hakuwa na filimbi, ila sauti yake ilitosha kambi mbili. Wanawake walitoka kila nyumba, na michi, na miko ya kusongea, mmoja na sufuria ya uji wa moto. Yule bwana hakukimbia. Aliondoka akitembea haraka, amevaa uso wa mtu aliyeonewa, akapita kwenye mikaratusi kuelekea mtoni, na baiskeli akaiacha. Tulipofungua majani ya ule mkungu tukakuta kamba mpya, kisu cha kuchinjia, na karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ukurasa wa ubao wetu wenyewe, umechanwa kwa uangalifu, alama za gundi bado zipo nyuma. Mstari wa Konsolata umepigwa wino.

Konsolata alirudi na ndoo kichwani, akaikuta hadhara. Nilimweleza yote, hata la kahawa, kwa sababu ningeficha angelijua kwa wengine. Alikaa juu ya ndoo, maji yakamlowanisha, hakuona.

"Baba, umeniuza kwa kahawa moja?"

Nilivua kofia, nikaishika kwa mikono miwili.

Baadaye kidogo akasema, "Ofisi imenitaja kwa karatasi nzima. Wewe kwa neno moja. Afadhali wewe." Akajaribu kucheka. Mama Sambusa ndiye aliyelia.

Nilipeleka karatasi na kisu ofisini, nikaviweka mezani. Afisa aliigeuza karatasi, akaona alama za gundi, nikadhani sasa ataushusha ubao. Kisha mlango ukafunguka, mkubwa wake akaingia, akauliza ni mlinzi gani aliyepuliza filimbi mbele ya wageni. Nilipata barua mbili siku hiyo. Moja ya kuacha lindo, nyingine ya kuzua taharuki. Taarifa ya siku ilisema ziara imeenda vizuri na kambi ni shwari. Baiskeli iliandikwa mali iliyookotwa. Karatasi na kisu sijui vilikwenda wapi. Ubao haukuguswa, walichofanya ni kubandika ukurasa mpya mahali pa ule uliochanwa. Jina lake tena. Nyumba kumi na moja tena.

Hilo ndilo linalonichoma, si barua. Mtu akikosea bila kujua ni kama mimi. Lakini kujua, na kisu umekiona, halafu ukachukua gundi?

Siku tatu Konsolata na wanawe walilala zahanati kwa kujificha. Siku ya nne, saa nane mchana, walikuja langoni, yeye na jembe begani kama wanaoenda kibarua mashambani, mkubwa na ndoo, mdogo na mfuko. Sheria ilitaka niandike jina, saa ya kutoka na aendako. Niliandika, mkimbizi mwanamke, watoto wawili, saa nane, kulima. Pale pa aendako nikapaacha.

"Hupaandiki?" akaniuliza, kwa sababu ni karani, anaona mapengo.

"Kalamu imeisha."

"Ni penseli hiyo, baba."

"Basi imeisha penseli."

Nikashusha kamba. Usiku ule ubao ukaanguka. Mchwa, nikaandika daftarini, ingawa nguzo zilikuwa za chuma.

Sasa, vijana. Muziro wenu ni kitu kizuri, ulizeni wa mtu, msitaje wenu kwanza. Mkiulizwa na mgeni nani yuko ndani, ninyi ni viziwi. Mkiletewa orodha ya kubandika nje, semeni hapana, na mkiambiwa ni utaratibu, semeni mzee wa Kiruruma ana mafundisho yake juu ya mchwa. Na ndani ya zile ofisi bado kuna watu wanaodhani mtu aliyeokoka ni picha ya kalenda. Kwamba miaka ikipita, hatari nayo hustaafu, hupewa saa ya ukutani. Wale wenye magari makubwa bado wanayo. Mengine sasa yana bendera mbele.

Binti wa ofisini amerudi leo, wakati nikimalizia hapa. Amesoma daftari lote amekaa kwenye kigoda, hakunywa hata chai. Kisha akachomoa fomu yake katikati ya kurasa.

"Mzee, kisanduku cha tatu hujajaza."

"Nimekiona."

"Kwa hiyo picha..." akaanza. Akaichukua kalamu yake, akapiga mstari kwenye kile kisanduku, kutoka kona hii hadi kona ile. Akasema ubao wa langoni ataangalia kwanza unatazama wapi. Mama Jasto akamwongezea ndizi.

Alipokuwa anafunga mkoba akauliza polepole, hakuniangalia, "Lakini yu hai, mzee? Unajua alipo?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa kahawa. Akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna.